Kuhamisha diski: data haipotei njiani

"Nikichomoa diski na kuichomeka kompyuta mpya, kila kitu kitafunguka kama zamani."

Picha na nyaraka, mara nyingi ndiyo. Ila kompyuta nyingi za Windows 10 na 11 hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows linalogeuza data kuwa fumbo, na mwenye mali hana habari: aliingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza, kufuli likajifunga kimya kimya. Kinacholifungua kila ukiwasha ni chipu ya TPM iliyo kwenye madabodi, nayo haihami na diski. Huko ugenini diski itakudai ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48. Usipokuwa nao, hata fundi hodari wa Kariakoo atakurudishia diski yako ilivyo.

Kwa hiyo kabla ya kushika bisibisi, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta ufunguo huo na uuandike karatasini. Au zima BitLocker kabisa na usubiri imalize kazi ya kufungua data yote. Diski kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa. Wenye Mac za chipu ya M1 na kuendelea wasijisumbue: hata kama hifadhi ingetoka, imefungamana na chipu yake. Wao wanakili faili tu.

"Windows imesema nifomati, basi lazima nifomati."

Huu ndio ujumbe unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu umeandikwa kama amri. Maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kuisoma diski, basi. Huenda imetoka kwenye Linux au Mac, au jedwali la faili limeharibika, na data bado imo. Bofya kughairi. Ukishafomati SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka, amri ya TRIM huiambia diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe, nayo huisafisha. Diski ya kizamani ya sahani angalau ingekuachia matumaini.

"Haionekani, basi imekufa."

Usiizike mapema. Diski za M.2, zile SSD nyembamba kama kijiti, hufanana umbo, lakini nyingine huzungumza na kompyuta kwa njia ya SATA na nyingine kwa NVMe, na tundu la kompyuta mpya huenda linakubali aina moja tu. Wakati mwingine diski ni nzima, imekosa herufi tu, kama D au E. Fungua Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, uipe.

"Nimeizima kompyuta, naweza kuchomoa."

Si lazima iwe imezimika kweli. Windows huwa na mtindo wa kulala nusu ili iwake haraka, na diski iliyochomolewa katika hali hiyo inaweza kuharibika mfumo wake wa faili ikiandikwa na kompyuta nyingine. Shikilia Shift unapobofya kuzima.

"Programu zangu ziko diski D, zitafanya kazi."

Folda zitakuwepo, ila usajili wa nyingi umebaki kwenye Windows ya zamani. Zisakinishe upya.

"Diski imehama salama, kwa hiyo nina bakapu."

Una nakala ileile moja, imebadilisha kasha tu.