Taa nyekundu ya mita haili yuniti zako

Wengi tunaamini ile taa ya LUKU ikiblinki haraka basi mita inakula yuniti bure, na kweli ukiiangalia usiku inatia wasiwasi. Ila inahesabu tu umeme unaopita. Soma hapo kwenye mita, ikiwa imeandikwa 1000 imp/kWh maana yake ikiblinki mara 1000 umetumia yuniti 1. Sasa zima kila kitu, friji pia (ndo huwa tunaisahau), halafu washa birika la umeme la wati 2000 lililojaa maji, dakika 3, hesabu taa imeblinki mara ngapi, kwa mita hiyo ya 1000 zitakuja kama 100 hivi, umeme ukiwa mdogo zinapungua kidogo. Zikizidi sana na hakuna kingine kimewaka, hapo ndo uombe mita ipimwe.