Je, wajua kwa nini wafugaji 500,000 wa India walichanga rupia 2 kila mmoja kutengeneza filamu?

Filamu ya Kihindi ya Manthan, iliyotoka mwaka 1976, inaanza kwa kuwataja wenyewe walioileta: wakulima 500,000 wa Gujarat, jimbo la magharibi mwa India. Kila mwanachama wa ushirika wa maziwa alitoa rupia 2. Jumla ikafika rupia milioni 1, na kwa fedha hizo mwongozaji Shyam Benegal akaikamilisha kazi. Hadithi yenyewe aliitunga pamoja na Verghese Kurien, mhandisi aliyefika mji wa Anand mwaka 1949 na kuujenga ushirika unaouza maziwa kwa jina la Amul. Manthan maana yake ni kusuka maziwa, kule kuyatikisa mpaka siagi ijitenge.

Wafugaji hao walikubali kutoa kwa sababu filamu ilikuwa inasimulia habari zao. Ushirika wao ulisajiliwa mwaka 1946 baada ya kuchoka kupangiwa bei na wanunuzi binafsi. Leo filamu hii inaweza kutazamwa pia kama somo la maisha endelevu, ingawa hakuna anayehubiri mazingira ndani yake. Somo lenyewe limo kwenye kichupa cha kupimia mafuta ya maziwa.

Daktari wa mifugo, Rao (Girish Karnad), anashuka treni kuja kuanzisha ushirika katika kijiji ambacho maziwa yote hununuliwa na Mishra (Amrish Puri), mwenye kiwanda, kwa bei anayoitaka yeye. Rao anaomba sampuli. Wanakijiji wanamshuku, akiwemo Bindu (Smita Patil), mwanamke mwenye nyati wake wa kufugwa anayemtegemea kwa kila kitu. Kwao mgeni anayepimapima maziwa ni mlanguzi mwingine tu.

Kumbe kipimo ndicho kinachomlinda Bindu. Maziwa ya nyati wa kufugwa yana mafuta kati ya asilimia 6 na 8, ya ng'ombe mara nyingi ni 3.5 hadi 4.5. Mnunuzi anayelipa kwa lita, bei moja kwa wote, anayabeba mafuta hayo bure na kuyageuza siagi. Upande wa pili, muuzaji anayelipwa kwa lita anashawishika kutia maji. Lipa kwa mafuta uone hesabu inavyobadilika: kilo 10 za maziwa yenye mafuta asilimia 7 zina gramu 700 za mafuta. Mwenyewe akitia kilo 2 za maji, ndoo inakuwa na kilo 12, lakini kipimo kinashuka hadi 5.8, na mafuta ni gramu 700 zile zile. Amejichosha kubeba maji.

Laktomita, ambayo wachuuzi wengi wa maziwa Afrika Mashariki wanaifahamu, haitoshi kwa kazi hii. Inapima uzito wa maziwa ukilinganishwa na maji. Maji yakiongezwa, kipimo kinashuka. Malai yakienguliwa, kinapanda, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Mjanja akifanya yote mawili kwa pamoja, laktomita inasoma sawasawa kabisa. Ndiyo maana vituo makini hupima mafuta na pia vitu vikavu vingine vilivyomo kwenye maziwa, kama protini na sukari.

Kipimo cha mafuta kilichoenea ni cha Gerber. Ndani ya kichupa chenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari unatia kwanza mililita 10 za asidi ya salfuriki ya kiwango cha asilimia 90 hivi, kisha mililita 10.75 za maziwa, ukiyatiririsha taratibu ubavuni mwa kichupa yasichanganyike mapema na kuungua, halafu mililita 1 ya alkoholi ya amili, kimiminika kinachosaidia mafuta kujitenga. Unafunga kizibo, unakifunika kichupa kwa kitambaa kwa sababu kinapata moto mkali, unatikisa mpaka mabonge yote yayeyuke. Asidi inakula protini, mafuta yanabaki huru. Kichupa kinazungushwa kwenye mashine mizunguko 1,100 kwa dakika, dakika 4 hadi 5, kisha kinawekwa kwenye maji ya nyuzi 65. Shingoni panasimama kijiti cha mafuta cha rangi ya dhahabu, na mstari kinapofikia ndiyo asilimia. Ukiona vipande vyeusi chini ya kijiti hicho, asidi ilikuwa kali mno. Ukiona vyeupe, ilikuwa hafifu. Lakini kosa linalomwonea mfugaji zaidi hutokea kabla ya asidi: kuchota sampuli bila kukoroga ndoo, au kupima maziwa ya mwanzo tu ya ukamuaji, wakati ya mwisho ndiyo mazito zaidi.

Malipo ya haki yakishaingia, kulisha mnyama vizuri kunakuwa na faida, na hapo ndipo uendelevu unapoanza kuonekana. Nyati wa Gujarat hula mabua ya uwele na mtama na mashudu ya pamba, vitu ambavyo binadamu hali. Mabua makavu yana lishe ndogo, lakini yanaboreshwa: kilo 4 za yurea zinayeyushwa kwenye lita 50 hivi za maji, zinanyunyizwa sawasawa kwenye kilo 100 za mabua, rundo linashindiliwa na kufunikwa lisipitishe hewa kwa siku 21. Yurea ikibaki chembe chembe bila kuyeyuka, mnyama anaweza kufa kwa sumu. Na ndama wa chini ya miezi 6 wasipewe kabisa. Kinyesi nacho kina kazi. Vijijini India hukaushwa na kuchomwa, ila moshi wake unaumiza mapafu na nitrojeni yote inapotea. Kwenye mtambo wa biogesi, kilo 25 za kinyesi kibichi, takriban cha nyati wawili kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi hicho hicho, hutoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi, na tope linalobaki linakwenda shambani likiwa na rutuba yake. Maji yakizidi gesi hupungua, na dawa ya kuoshea zizi ikiingia inaua bakteria wanaofanya kazi hiyo.

Filamu haifichi ugumu wa kuyafikia haya. Mkuu wa kijiji hataki kusimama foleni moja na Madalit, watu wa tabaka lililodharauliwa, na uchaguzi wa mwenyekiti wa ushirika unamshinda. Bindu analaghaiwa kuweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, inayomchafua Rao. Daktari anaondoka. Anayebaki kuwahimiza watu waendelee kupeleka maziwa ni Bhola (Naseeruddin Shah), kijana Mdalit aliyekuwa mkali kuliko wote dhidi ya wageni.

Baadaye bodi ya taifa ya maziwa ya India, iliyoanzishwa mwaka 1965, iliituma Manthan vijijini. Iliandamana na watu watatu: daktari wa mifugo, fundi wa maziwa na mtaalamu wa malisho. Wanakijiji walipomaliza kuitazama na kutaka ushirika wao, wa kuwaonyesha pa kuanzia walikuwa pale pale.