Nyumba ya Mama, Cheo cha Mjomba: Dhana Potofu Kuhusu Waminangkabau
Kila kundi la wasafiri ninalolipeleka Sumatra Magharibi, nchini Indonesia, huniuliza swali lile lile hata kabla ya mizigo kushushwa: je, ni kweli kwamba kwa Waminangkabau wanawake ndio watawala na mwanamume hana lake? Si kweli, na nimechoka kulisema. Kufuata ukoo wa mama si sawa na kutawaliwa na wanawake. Rumah gadang, nyumba kubwa ambayo ncha za paa lake zimejipinda kama pembe za nyati, hurithiwa na binti kutoka kwa mama yake pamoja na mashamba ya mpunga, na vyumba vya nyuma hupewa mabinti walioolewa, ambao kwa desturi waume zao huwafuata huko. Hata hivyo, cheo cha datuk, mkuu wa ukoo, hushikwa na mwanamume, naye hukirithi kwa mjomba wake, si kwa baba yake. Mila hairuhusu mali ya mababu iwekwe rehani ila kwa sababu 4: maiti yumo ndani na gharama za mazishi hazipo, nyumba inavuja, binti aliyekwisha kukomaa hajaolewa na gharama za kumwoza hazipo, au cheo cha ukoo kinangoja kusimikwa. Hata hapo mjomba hawezi kuamua bila dada zake, wala wao bila yeye.

Waminangkabau ni Waislamu, na wanaodai kwamba utaratibu huu unakiuka Uislamu husahau kwamba mali aliyoichuma mtu mwenyewe hugawanywa kwa mirathi ya Kiislamu.



Jumba la kifalme la Pagaruyung, ambalo wengi hulipiga picha wakidhani ni la kale, liliungua kwa radi mwaka 2007 na kujengwa upya. Mimi huwashauri wateja waende Solok Selatan, kwenye kijiji kiitwacho cha nyumba elfu (elfu ni jina tu, msihesabu), wachuchumae chini ya sakafu na kuzitazama nguzo: zimekalishwa juu ya mawe bapa bila kuchimbiwa ardhini, ili ardhi ikitetemeka nyumba iyumbe bila kuvunjika.