Stasi ya kwenye filamu na Stasi ya kwenye mafaili

Filamu ya Kijerumani Das Leben der Anderen ilitoka mwaka 2006, na mwaka uliofuata ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Wengi wanaijua Stasi, idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki (ndiyo iliyotuma washauri Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964), kupitia filamu hiyo tu.

Dhana: Ofisa angeweza kumwokoa kimyakimya anayempeleleza.
Kwenye filamu, Kapteni Wiesler wa Stasi anakaa darini Berlin Mashariki, mwaka 1984, hedifoni masikioni, akimsikiliza mwandishi wa tamthilia. Moyo unamlainika, anaanza kuandika ripoti za uongo. Ni hadithi tamu, lakini aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho ya gereza la Stasi la Hohenschönhausen, Hubertus Knabe, alikataa wasirekodi humo kwa sababu hiyohiyo: ofisa wa namna hiyo hajulikani.

Kilichozuia hakikuwa ugumu wa mioyo peke yake. Kazi ilikatwa vipande. Idara ya 26 ilitega vinasa sauti na kusikiliza simu. Idara ya M ilifungua barua kwa mvuke na kuzigundisha tena. Idara Kuu ya VIII ilifuata watu mitaani. Idara Kuu ya XX, iliyoshughulika na wasanii, makanisa na wapinzani, ndiyo iliyounganisha vipande hivyo. Ukidanganya wewe, barua au shushushu wa mtaani angekuumbua.

Dhana: Upelelezi ulikuwa wa nyaya.
Nyumba nyingi hazikuwa hata na simu. Mtaji wa Stasi ulikuwa watu: mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa 91,000 hivi na mashushushu zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu milioni 16 hivi. Kwa kawaida shushushu aliandika ahadi kwa mkono wake, akachagua jina la bandia, kisha akawa anakutana na ofisa wake kwenye nyumba ya siri. Kwenye filamu mhusika mmoja, mwigizaji wa tamthilia, anabanwa awe shushushu kwa sababu ya dawa anazotumia. Kubanwa kulikuwepo, ila wengi waliingia kwa kuiamini serikali au kwa kutafuta manufaa.

Dhana: Asiyefungwa alinusurika.
Agizo namba 1/76 la Januari 1976 liliweka utaratibu ulioitwa Zersetzung, yaani kummomonyoa mtu: kumzushia uvumi, kumharibia kazi, kumgombanisha na marafiki. Hapa filamu imepatia. Jerska, mwongozaji wa tamthilia, haguswi na polisi. Ananyimwa kazi tu, mpaka anajiua.

Dhana: Mafaili yaliteketezwa.
Maofisa wa Stasi walijaribu. Mashine za kukatia karatasi zilielemewa, wakachana kwa mikono. Desemba 1989 wananchi walianza kuzivamia ofisi za mikoani, na tarehe 15 Januari 1990 wakaingia makao makuu Berlin. Yaliyopona yanajaza rafu za kilomita 111, mbali na magunia zaidi ya 15,000 ya vipande. Tangu Januari 1992 aliyepelelezwa anaweza kuomba faili lake. Majina ya watu wengine waliopelelezwa hufutwa kwa wino mweusi. La shushushu, ukiomba na likithibitika, unapewa.