Mita 60 hazianzii kwenye maji

Mteja mwingine tena kaja na kauli ile ile: "Nimevuta futikamba kutoka kwenye maji hadi kwenye bikoni, jiwe la mpaka wa kiwanja, ni mita 70. Nipo salama." Kapima kiangazi, Mto Msimbazi wa Dar es Salaam ukiwa umesinyaa katikati ya mchanga wake.

Jamani, tuelewane. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo, si maji. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo, kifungu cha 7, inautaja ukanda huo miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Ukingo ni pale ardhi inapokatika na kushukia kwenye njia ya mto. Njia yote, pamoja na ule mchanga mkavu ambao malori hushuka kuuchota. Hesabu mita za mchanga huo, zitoe kwenye 70 zako, uone zinabaki ngapi.

Na ukingo wenyewe hautulii. Kwenye kona, upande wa nje, mto unakula. Nenda Kigogo au Tabata masika yakiisha: udongo umekatwa wima, mizizi inaning'inia, viroba vya mchanga alivyopanga mwenye nyumba vimeporomokea chini. Mchoro wa miaka kumi iliyopita unaweza kuonyesha mto ambao haupo tena pale. Ndiyo maana namtaka mpimaji arudi saiti, asinakili mstari wa mto kutoka ramani ya zamani. Wateja wanadhani nawaongezea gharama. Gharama ni kujenga, kisha kuamka na alama ya X ya kubomolewa ukutani.

Hati? Hati inakupa umiliki wenye masharti. Kibali cha ujenzi ni jambo jingine. Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha mauziano tu, haibadilishi matumizi ya ardhi. Ila mwenye hati halali iliyotolewa ndani ya ukanda ana hoja ya kweli, naye aende kwa mwanasheria mapema, asingoje tingatinga.

Na msidhani katazo ni la nyumba tu. Kifungu cha 57 kinagusa pia shughuli yoyote inayoweza kuharibu hifadhi ya kingo, hata isiyo ya kudumu.

Linalonikosesha raha ni namba yenyewe. Mita 60 ni zile zile kwa korongo jembamba kule Kisarawe, unakoanzia Msimbazi, na kwa Jangwani, ambako bonde ni tambarare na mto unajaa mchanga hadi maji yanakosa pa kupita. Kule juu, mita hizo zinaweza kumeza kiwanja chote cha familia isiyo na kingine, na sina hakika kila mara zinastahili. Huku chini hazitoshi. Mafuriko ya Desemba 2011 hayakusimama mita 60. Sheria inakuonyesha pasiporuhusiwa kujenga. Haikuahidi kwamba kuanzia hapo maji hayafiki.

Kwa hiyo kwenye bonde tambarare natafuta kwanza mstari wa tope kwenye kuta za majirani, nawauliza wazee wa mtaa maji ya mwaka ule yaliishia wapi, kisha nachora mpaka wangu juu ya hapo, hata kama sheria hainilazimishi.