Wimbo wa Kukosoa Serikali Hauombewi Kibali

Uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia, ofisi yetu ya elimu ya sheria inazidi kuulizwa swali moja: msanii ana wimbo "wa siasa", je, kibali hutolewa wapi? Hakitolewi popote. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya kinalinda uhuru wa kujieleza, sanaa ikiwemo, na hakikuweka sharti kwamba kiongozi afurahi.

Mipaka imo mumo humo: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki. Fungu la 13 la Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 linamwadhibu anayechochea chuki ya kikabila kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Anayesambaza naye yumo, kwa hiyo "mimi sikuimba, nilipandisha video tu" si utetezi. Kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, nayo si jinai tena tangu Mahakama Kuu ilipoamua hivyo Februari 2017, ila unaweza kudaiwa fidia. Ukimwita mtu mwizi kwa jina, uwe na ushahidi.

Wapo pia wanaotaka tufungie wimbo kwa kuwa "umemtusi mtu wetu". Waziri si kabila, na kumkosoa si chuki ya kikabila! Tumelieleza hili hadi tumechoka.

Ukitaka kuimba kwenye mkutano wa hadhara au maandamano, mwandalizi humpa mkuu wa kituo cha polisi (OCS) taarifa ya maandishi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, akitaja jina lake, anwani, tarehe, mahali au njia, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Hiyo ni taarifa, si ombi.

Lakini nyimbo nyingi hufia studio, kabla askari yeyote hajazisikia. Ubeti wa hospitali isiyo na dawa unaimbwa vizuri, kisha prodyuza anasema, "Hapo utatuletea shida, weka mapenzi." Sheria haikumtuma. Mwaka 2001 Eric Wainaina aliimba "Nchi ya Kitu Kidogo", na hongo iliyokuwa ikitolewa kimyakimya ikawa jambo la kuimbwa hadharani. Juni 2024, vijana walioambiwa kila siku kwamba siasa haiwahusu waliubeba "Anguka Nayo" wa Wadagliz, wimbo wa densi tu, wakauimba barabarani kupinga Mswada wa Fedha.

Ukikamatwa kwa sababu ya wimbo, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini, kwa kawaida ndani ya saa 24. Uliza umevunja fungu gani. Jibu likiwa "wakubwa wamekasirika", liandike lilivyo, pamoja na saa na jina la kituo, umkabidhi wakili.