Uchujaji wa matangazo ya lebo katika MPLS na namna ya kutafuta hitilafu zake

Katika mtandao wa MPLS (usambazaji wa pakiti kwa kutumia lebo), ruta zilizo katikati hazihangaiki kusoma anwani ya IP ya kila pakiti inayopita. Zinasoma lebo, yaani namba ya biti 20 iliyobandikwa mbele ya kichwa cha IP, na kwa namba hiyo zinajua pakiti itokee mlango upi na ivae lebo gani mpya. Lebo haina maana katika mtandao mzima, bali ina maana kwa ruta iliyoitoa tu. Ndiyo maana kila ruta hulazimika kuwaarifu majirani zake kwamba pakiti za kwenda, kwa mfano, 10.255.0.4/32 zikitumwa kwake zije na lebo 24. Taarifa hiyo ndiyo tangazo la lebo, na mara nyingi hubebwa na LDP, itifaki ya kugawana lebo iliyoelezwa katika RFC 5036 ya mwaka 2007: majirani hutambuana kwa UDP mlango 646, kisha hufungua kikao cha TCP kwenye mlango wa namba hiyohiyo na kupeana lebo.

Kuchuja matangazo ni kuamua ni prefiksi (mafungu ya anwani za IP) zipi zitangaziwe lebo, na kwa majirani gani. Haja ya kufanya hivyo hutegemea ruta yenyewe. Cisco IOS (mfumo endeshi wa ruta za Cisco), isipoambiwa vingine, hutoa na kutangaza lebo kwa kila njia iliyopatikana kwa itifaki ya kujulishana njia ndani ya mtandao kama OSPF, zikiwemo anwani za viungo baina ya ruta ambazo hakuna huduma inayozihitaji. Junos, mfumo wa ruta za Juniper, huanzia upande wa pili: hutangaza anwani ya lupubeki (loopback, anwani ya ruta yenyewe isiyofungwa kwenye kiungo chochote) peke yake. Kwa kuwa huduma za VPN (mitandao binafsi ya wateja) hutegemea lupubeki za ruta za ukingoni tu, msimamizi wa ruta za Cisco huona afadhali apunguze mzigo, naye huandika orodha ya ruhusa yenye anwani hizo pekee.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba kichujio hiki hakigusi njia za IP wala kikao cha LDP. Tuchukue ruta nne zilizopangwa mstari mmoja, R1 hadi R4, ambapo R1 na R4 ziko ukingoni na zinamhudumia mteja wa VPN. Pakiti ya mteja ikitoka R1 huwa na lebo mbili: ya juu inaipeleka hadi R4, ya chini inaitambulisha VPN yenyewe. Sasa tuseme orodha iliyoandikwa kwenye R3 imesahau lupubeki ya R4. R2 haipati lebo kutoka R3, lakini kwa kuwa IOS hutangaza lebo bila kusubiri kupata ya mbele, R2 inaendelea kuitangazia R1 lebo yake kama kwamba mambo ni shwari. R1 inabandika lebo mbili na kutuma. Pakiti ikifika R2, lebo ya juu haina mrithi na iliyo chini yake si IP bali ni lebo nyingine ambayo R2 haiijui, hivyo pakiti inatupwa.

Ukiwa R1 ukaipigia ping ya kawaida lupubeki ya R4, jibu litarudi, kwa sababu pakiti hiyo ina lebo moja tu, na R2 ikiivua inakuta IP na kuisambaza kwa njia ya kawaida. OSPF iko hai, BGP (itifaki inayobeba njia za VPN) iko hai, vikao vya LDP viko hai, ila mteja analia. Ping hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayopoteza saa nyingi zaidi kuliko kosa lenyewe. Kipimo kinachofaa ni amri ya "ping mpls ipv4 10.255.0.4/32", ambayo hutuma pakiti yenye anwani ya mwisho ya 127/8, ambayo ruta haziisambazi kwa IP; pakiti ya namna hiyo haiwezi kuponyoka kwa njia ya IP pale mnyororo wa lebo unapokatika.

Baada ya hapo, fuata mnyororo hatua kwa hatua ukitumia "show mpls forwarding-table". Katika safu ya lebo ya kutokea, "Pop Label" ni afya: ruta inayofuata ndiyo mwisho wa safari na imeomba lebo ivuliwe kabla. "No Label" ni maneno yanayofanana nayo machoni, lakini maana yake ni kwamba lebo haikupokelewa kabisa. Ukiyaona kwenye R2, uliza "show mpls ldp bindings" kwa prefiksi hiyo: utaikuta lebo ya R2 yenyewe, lakini ya R3 haipo. Nenda R3. Ikiwa R3 ina lebo yake lakini haikufika R2, tatizo liko kwenye kichujio cha kutoka R3 au cha kupokea R2. Ikiwa haina hata lebo yake, chunguza kama kuna kichujio cha utoaji wa lebo.

Makosa ya kwenye usanidi wenyewe ni machache na hujirudia. Amri ya "mpls ldp advertise-labels for" haichuji chochote kama "no mpls ldp advertise-labels" haijaandikwa pia, kwa kuwa ruhusa ya jumla ingali inafanya kazi. Orodha ya majirani baada ya neno "to" hulinganishwa na kitambulisho cha LDP cha jirani, si anwani ya kiungo. Na kila orodha humalizika kwa katazo lisiloandikwa, hivyo ruta mpya ya ukingoni iliyopewa lupubeki nje ya masafa ya zamani hukataliwa kimyakimya, ingawa nyingine zote zimefanya kazi kwa miaka.

Hali moja hufanana na uchujaji bila kuwa uchujaji. Lupubeki ikiwa na barakoa ya /24, OSPF huitangaza kama /32 (anwani moja tu) ilhali LDP ya mwenye nayo hutangaza lebo ya /24. Jirani haoni lebo ya /32, na "No Label" hutokea palepale. Kabla ya kugusa orodha yoyote, linganisha urefu wa prefiksi pande zote mbili. Tiba hapo ni kuipa lupubeki /32, au kuiwekea "ip ospf network point-to-point".